Wimbo Mmoja, Mavazi Saba

Ipo siku moja pale Bunda, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nikisahau jina langu. Jua la saa saba, kiwanja cha parokia kimejaa watu wa pamba na watu wa ng'ombe, na mimi nimesimama mbele yao na fidla begani, najua kabisa kwamba nitawashangaza. Nikawashangaza kweli. Mzee mmoja aliyekaa mbele alimgeukia mwenzake akauliza, wala hakupunguza sauti, "Huyu binti anapiga kitu, au anajikuna upele?"

Ngoja nikueleze nilivyofika hapo, maana upele wenyewe nilijitafutia.

Mimi naitwa Nyanjura. Kwetu ni upande wa ziwa, baba yangu alikuwa mvuvi, na shule niliachia darasa la nne. Nilipokua nililetwa Kamunyonge, hapa Musoma mjini, kukaa na shangazi, nikapata kazi ya kufua kwa masista wa misheni. Kulikuwa na Sista mmoja mzungu, mrefu kama mlingoti, aliyekuwaga na fidla. Siku moja alinikuta nimeacha nguo kwenye beseni nimesimama dirishani namsikiliza. Hakunigombeza. Alinipa ile fidla nishike. Miaka minne alinifundisha, mpaka nikawa napiga nyimbo za kanisa na nyingine za watunzi wa kwao wa zamani. Nilikuwa na vidole vizuri, na sioni kwa nini nikufiche. Alipoondoka kurudi kwao aliacha sanduku la fidla parokiani, akasema nipige mimi kwenye misa. Ukimsikia mtu anasema fidla ya Musoma ilikuwa ya wanaume tu, mwambie bibi yako amekataa.

Halafu ikaja ile miaka ya kukosa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa unapanga foleni tangu alfajiri na unarudi na dumu linaning'inia jepesi. Tulikuwa tunaoga kwa majani ya mpapai na tunavaa viraka juu ya viraka. Sasa hapo uzi wa fidla nani angekuletea? Ulipokatika wa kwanza nikapiga na tatu. Ulipokatika wa pili nikafunga sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda cha shangazi.

Aliyelitoa chini ya kitanda ni Mzee Magesa. Huyu alikuwa fundi cherehani wa pale mtaani, anakaa barazani kwake na futi ya kupimia shingoni siku zote, hata akienda kanisani. Ujanani alipiga saksafoni kwenye bendi ya jazi iliyokuwa inazunguka Musoma mpaka Mwanza. Nota alifundishwa misheni akiwa mdogo, jazi alijifunza huko huko kwenye dansi. Bendi ilikufa siku gari lao lilipokosa tairi, na saksafoni ikabaki imetundikwa ukutani, imekuwa bati tu. Alikuja kwa shangazi kuleta sketi aliyoitia kiraka, akaliona sanduku, akalifungua bila kuuliza.

"Hii imekosa nini?"

"Nyuzi, mzee."

"Na baba yako ni nani?"

"Mvuvi."

"Basi haijakosa kitu."

Akaniagiza kwa baba nilete mishipi ya kuvulia, mwembamba na mnene. Akaipima kwa vidole, akachagua, akafunga. Upinde nao ulikuwa umekwisha nywele, akautilia singa za mkia wa ng'ombe. Utomvu wa kuupaka tuliukwangua kwenye misonobari ya misheni. Mshipi mpya, mwanangu, unalegea siku tatu nzima kabla haujatulia, kila saa unakaza kigingi. Ulipotulia nikapiga. Mlio haukuwa ule wa Sista. Ulikuwa na ukoko kidogo, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mimi nikasikitika. Mzee akacheka.

"Hiyo ndiyo naitaka," akasema. "Ina zeze ndani yake."

Tangu siku hiyo akaanza kutunga. Karatasi hakuna, kwa hiyo aliandika nota nyuma ya zile karatasi ngumu za kaki alizokatia mitindo ya mashati. Mimi naenda barazani kwake baada ya kazi, yeye anapiga cherehani kwa miguu na kuimba kwa mdomo, mimi napiga. Siku moja akaniuliza:

"Nyanjura, shati ni nini?"

"Shati ni shati, mzee."

"Shati ni mtu. Ukimvua mtu shati, mtu bado yupo. Ukimtoa mtu, shati linaanguka chini." Akakata uzi kwa meno. "Watunzi wa Ulaya wa zamani, hao wa klasiki aliokufundisha Sista, walikuwa wanachukua wimbo mdogo tu, hata wa mchunga mbuzi, wanaushonea mavazi, moja baada ya jingine, na yote wanayaandika. Sisi wa jazi tunafanya hivyohivyo, ila sisi tunashona mteja akiwa amesimama mbele yetu. Sindano ni ileile. Mimi nataka nguo yenye mishono yote miwili."

Wimbo wenyewe aliutunga mfupi, mistari miwili, mtoto angeushika. Aliushonea mavazi saba. Vazi la kwanza linatembea polepole kama maandamano ya misa, kwaya inaimba chini yake sauti nne. La tatu ni jazi: mpigo unachelewa makusudi, kama mtu anayejua anasubiriwa. La nne ni la zeze, kule kuburuta upinde kwenye uzi mmoja mpaka ulie kama wazee wetu walivyokuwaga wanaliza mazeze yao. Lipo moja la kudonoa kwa kidole bila upinde, lilinipa malengelenge wiki mbili. Na la saba, mwanangu, la saba lilikuwa balaa. Vidole vinakimbia nyuzi zote nne, mbio za klasiki na miruko ya jazi zinapishana, na chini yake kwaya imeshika ule wimbo mdogo, haitikisiki. Nilipolishika hilo la saba, watu wa mtaani walikuwa wanakuja kusimama barazani wakiacha ndoo zao bombani.

Lakini kabla ya mavazi kulikuwa na sharti. Kwetu ziwani, mtu akileta wimbo mgeni kwenye shughuli, anauimba mtupu mara tatu, peke yake, bila madoido, ndipo wengine wanaitikia. Ukipamba kabla watu hawajaushika, wanawake wanakaa kimya na wewe unabaki na wimbo wako. Mzee alilishika hilo. "Mara tatu mtupu," alikuwa ananiambia. "Hapo kwaya itajua pa kuingilia na watu watajua wanasikiliza nini. Baada ya hapo vaa unavyotaka."

Mimi ule mtupu uliniudhi. Mistari miwili ambayo hata mwenye kidole kimoja angepiga, niirudie mara tatu mbele za watu, mimi mwenye la saba mkononi.

Sasa ujue na hili. Mzee Magesa alikuwa ameomba kufundisha kwaya ya parokia miaka mingi, na kila mara katekista wetu, Mzee Wambura, alikuwa anamkatalia. "Mtu wa dansi hashiki kwaya," ndivyo alivyosemaga. Safari hii paroko akaamua: siku ya kwaya za parokia itafanyika Bunda, wimbo ukapigwe huko pamoja na kwaya yetu. Watu wakiupokea, Mzee Magesa apewe kwaya. Wasipoupokea, maneno yaishe, na fidla ipelekwe stoo ya parokia ifungiwe, ibaki ya kumbukumbu ya Sista. Nilikuwepo yakisemwa. Nilijua kila kitu.

Tulikwenda Bunda juu ya lori la pamba, kwaya nzima, nimekumbatia sanduku kama mtoto mchanga. Kabla yetu ilipanda kwaya moja ya huko huko, yenye ngoma. Waliimba mpaka vumbi likasimama, akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakanyanyuka na fimbo zao. Nikaanza kutokwa jasho. Nikawaza, baada ya hawa, mimi nipande na mistari miwili mitupu? Watadhani tumetoka Musoma kuja kuwaonyesha umaskini.

Nikasimama. Mzee Magesa alikuwa kwenye benchi la pembeni na futi yake shingoni. Akaninyoshea vidole vitatu. Mtupu, mara tatu. Niliviona vile vidole, mwanangu. Usije ukasikia mtu anasema sikuviona.

Nikaanza na la saba.

Mwanzo walipiga makofi, kwa ajili ya vidole. Nikaongeza mwendo. Kwaya nyuma yangu wakatazamana, hawakupewa wimbo, wangeingilia wapi? Wa sauti ya kwanza wakaingia mahali pao, wa besi wakaingia pengine, wa katikati wakanyamaza kabisa. Jua nalo likaupata mshipi ule mwembamba, ukaanza kulegea, mlio ukashuka. Nami nikaona dawa ni kupiga kwa nguvu zaidi. Makofi yalikwisha. Watu wakaanza kuongea mambo yao, bei za pamba, ng'ombe wa fulani. Ndipo yule mzee wa mbele akauliza habari ya upele, na benchi zima likacheka. Nilipiga mpaka mwisho nikiwa nimekaza shingo, maana kuacha niliona aibu zaidi. Nilipoinama kuaga, mama mmoja alipiga makofi mawili ya huruma. Hayo mawili yaliniuma kuliko kicheko.

Mzee Wambura alinisogelea. Alinyoosha mkono nikampa sanduku.

Kurudi, tulipata lori tupu. Mzee Magesa alikaa karibu yangu, ameshika ubao, anatazama barabara. Tulikwenda mwendo mrefu hivyo, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia kifungo kilichodondoka:

"Umewaonyesha mishono. Shati hawajaliona."

"Nilitaka waupende wimbo wako, mzee."

"Hapana. Ulitaka wakupende wewe. Wimbo wangu wangeukubali au wangeukataa, hiyo ni haki yao. Wewe umewanyima hata kuukataa."

Akarudi kutazama barabara. Afadhali angenitukana, ningepata pa kushika. Nilitazama mikono yangu mpaka Musoma.

Fidla ikafungiwa stoo. Kwaya akapewa mtu mwingine. Wiki chache baadaye nilipita barazani kwa Mzee nikaona mezani mtindo wa mkono wa shati, karatasi ya kaki, na nyuma yake nota za vazi la tano. Alikuwa ameukatakata wimbo wote kuwa mitindo. Hakuwa na hasira, karatasi hazikuwepo na watu walikuwa wanataka mashati. Aliniona nimekodoa macho.

"Kola ni vazi la pili," akasema. "Ukitaka kulisoma, subiri nimalize kukata."

Basi ule wimbo haukubaki popote ila kichwani mwake na kwenye vidole vyangu. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikalima. Nikiwa nasonga ugali, mkono wa kushoto ulikuwa unatembea wenyewe kwenye mwiko. Mume wangu alizoea, aliwaambia wageni, "Mwacheni, anapiga." Niliyarudia mavazi yote, moja moja. La saba peke yake nililifunga. Likitaka kuja nilikuwa nafikiria kitu kingine, kuni, au deni la chumvi kwa jirani.

Miaka ikaenda, ikaja ile ya ruksa. Maduka yakajaa mpaka yakamwagikia nje. Sabuni za rangi zote, kanga, redio. Mashati ya mitumba yakashuka kwa marobota, na mafundi cherehani wakakaa barazani wanatazama watu wanapita wamevaa nguo zisizowahusu. Parokiani akaja paroko mpya, kijana, akafungua stoo kutafuta viti akakuta fidla. Akauliza ni ya nani. Mzee Wambura, ambaye sasa alitembelea fimbo, akasema, "Kuna mama mmoja." Nikaitwa. Nyuzi zililetwa kutoka Sirari mpakani, mpya, kwenye pakiti inayong'aa. Nikafunga tatu za dukani. Ule mwembamba nikaweka mshipi, nikaukaza siku tatu mpaka ukatulia. Paroko akauliza kwa nini. Nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya wimbo, asiulize sana.

Kulikuwa na kigango, kanisa dogo, kinafunguliwa upande wa Butiama, na kwaya yetu ilialikwa. Nikakaa na wanakwaya mwezi mzima, nikawapa sauti zao kwa mdomo. Kisha nikamtumia Mzee Magesa ujumbe. Alikuja ameshikwa mkono na binti yake, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Walimvalisha koti la mtumba. Alikaa benchi la mbele, akawa anapapasa mshono wa bega, anasikitika. "Mashine," akamwambia binti yake. "Hakuna mtu aliyelishika hili koti."

Nikasimama. Safari hii hapakuwa na vidole vya kuninyoshea, na kama angeninyoshea nami nisingehitaji. Nikapiga mtupu. Mistari miwili. Watu wametulia tu, hawana habari. Mara ya pili, akina mama wa nyuma wakaanza kuufuata puani. Mara ya tatu walikuwa nao, mwanangu, nusu ya kanisa walikuwa wameushika, wimbo ambao asubuhi ile hakuna aliyeujua. Ndipo nikavalisha. Polepole la misa, kwaya sauti nne. Jazi ilipofika nikachelewesha ule mpigo, nikasikia mtu anacheka kwa furaha, mzee kabisa, amekumbuka dansi zake. La zeze liliwatoa wengine machozi. Nikafika la sita, nikarudi mtupu kufunga, nikainama. Makofi yalikuwa ya kweli, nayajua tofauti.

Nikamwendea Mzee Magesa nikapiga goti. Nilisubiri baraka.

"Mavazi ni mangapi?" akauliza.

"Saba, mzee."

"Nimehesabu sita."

"La saba nimeliacha makusudi. Kwa sababu ya Bunda."

Alirudisha mkono kwenye bega la lile koti. Watu wa karibu walikuwa wanasikiliza.

"Nyanjura, kule Bunda uliniibia wimbo ukawapa vidole. Leo umeniibia vidole. Nililitunga la saba lipigwe, sikulitunga lifungiwe. Au unadhani kuniadhibu mimi ndiyo toba yako? Nenda kamalizie nguo ya watu. Imebaki mkono mmoja."

Nikarudi mbele. Nikaiambia kwaya, "La saba. Shikeni mtupu, msiniachie." Walikuwa hawajawahi kulisikia, lakini mtupu walikuwa nao, na kanisa zima walikuwa nao. Nikaanza. Vidole havikuwa vile vya Bunda, vilikuwa vimeshika jembe miaka, mahali pengine nilijikwaa. Haikudhuru. Nikijikwaa, wale akina mama walikuwa wameushika wimbo chini, wananisubiri, nakamata pale walipo naendelea. Nilikimbia mbali kuliko nilivyowahi kukimbia, na kila nilipogeuka niliwakuta. Sijawahi kupiga vile tena.

Tulipomaliza, Mzee Wambura alikwenda kwa fimbo yake mpaka benchi la Mzee Magesa. Alimwomba afundishe kwaya. Alimwomba mbele za watu, na hilo ninampa heshima yake.

"Miaka ya kufundisha nilikuwa nayo," Mzee Magesa akamjibu, "ikapita mkiwa na ufunguo wa stoo. Sasa nota sizioni. Mpeni huyu." Kisha akanitafuta kwa mkono, akaigusa fidla, akapanda na kidole mpaka kwenye ule mshipi. "Ulegeze kabla hujafunga sanduku. Hauwezi kulala umekazwa." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho aliyoniambia juu ya muziki. Alizikwa mwaka uliofuata na futi yake shingoni, binti yake alikataa isivuliwe.

Kwaya niliishika mimi mpaka magoti yakakataa. Nawasikia nyinyi siku hizi kwenye vinanda vyenu vya umeme, vidole kumi vyote viko kazini kabla watu hawajakaa, na ninamtafuta mtu ndani ya shati simwoni. Wala sisemi hivi kwa kinanda peke yake. Ukileta jambo jipya nyumbani kwa wakwe, au kwenye mkutano, au kwa mume, ukalileta limepambwa kabla hawajajua ni nini, watakucheka na utadhani ni wajinga.

Kwa hiyo mwanangu, nakuambia wazi usije ukasema bibi alizunguka. Uwape watu wimbo mtupu kwanza, mara tatu, hata kama unakuchosha, maana wewe umeuzoea na wao ndiyo kwanza wanausikia. Ukishawapa, cheza, kimbia, changanya la kizungu na la kwetu na la dansi, usiogope mtu. Na ukikosea kwa sababu ya kiburi, usijitie adhabu ya kuficha ulichopewa, kwa sababu huo nao ni wizi, na aliyekupa bado anahesabu.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio mazito kwa makofi. Akupe watu wa kukushikia wimbo ukikimbia mbali, na ukigeuka uwakute hapohapo.